Trekta la Mzee Jaswant

Jumatatu, 4 Septemba 2006

Nimepiga pasi ovaroli yake tena. Najua ni upuzi. Nani hupiga pasi ovaroli ya fundi wa kuchomelea vyuma? Asubuhi imenyooka kama shati la harusi, kabla ya chakula cha mchana ina tundu jipya la cheche. Napiga tu. Nayapenda hayo matundu. Nayajua yote. Lile lililo karibu na mfuko wa kushoto ni la geti la kanisa, wiki ile tuliyofunga ndoa.

Wekesa wangu ameondoka akipiga mluzi. Karakana iko karibu na chumba chetu, kando ya Barabara ya Naivasha, nami nikisimama mlangoni namwona hadi anapoingia. Leo aligeuka nyuma mara mbili. Mama Wanjiru wa chumba cha pili aliona. "Mtazoea tu," akasema. "Mwaka ujao atatoka bila hata kuaga." Nilicheka. Sitazoea. Sitaki kuzoea.

Kisha nami nikaenda kazini Hurlingham, kwenye duka letu la fotokopi na kuchapa barua. Nimechapa kutwa nikiwaza mikono yake.

Jambo moja niliandike nisije nikalisahau. Karakana ni ya kaka yake, Barasa. Wana desturi waliyorithi kwa baba yao, ambaye pia alikuwa fundi, kule Bungoma: ukichomelea kitu, wewe ndiye wa kwanza kukijaribu kwa mwili wako. Ukitengeneza geti, unaning'inia. Ukitengeneza ngazi, unapanda hadi juu kabisa. Mteja hagusi kabla ya fundi. Kitanda chetu alikichomelea mwenyewe, na alikirukia mbele ya Barasa, mchana kweupe, mlango ukiwa wazi. Majirani wanatucheka mpaka leo. Sijali hata kidogo.


Jumanne, 5 Septemba

Nilipotoka kazini nikapitia karakana, kama kawaida. Nikakuta trekta.

Kuukuu. Lilikuwa jekundu zamani, sasa lina rangi ya matofali. Mwenyewe ni Mzee Jaswant, Singasinga mwenye kilemba cha samawati na ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri. Alikuwa amelileta mwenyewe kutoka Spring Valley, polepole, magari yakimpigia honi njia nzima. Anachimba mitaro ya mabomba kwenye nyumba zinazojengwa kule. Trekta lilikuwa la baba yake. "Hii tinga iko na miaka mingi kuliko wewe, fundi," alimwambia Wekesa. "Na haijawahi lala kwa barabara."

Nyuma yake lori likashusha kitu kingine: mkono wa kuchimbia. Chuma kitupu, na mwishoni kijiko chenye meno, na juu yake kiti cha mtu anayechimba. Wanaume kadhaa walikishusha wakiguna. Mzee anataka kitundikwe nyuma ya trekta lake badala ya plau.

Barasa akatikisa kichwa. "Mzee, hii ni tinga ya plau. Ukiitundikia hiyo mzigo, utaivunja mgongo."

 Wekesa alikuwa amelala chini ya trekta, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Nilikaa nikiitazama hiyo miguu. Kisha akatoka, oili puani, akasema, "Inawezekana."

Neno moja tu. Barasa alimtazama kwa jicho la pembeni. Mimi nilitaka kumkumbatia mbele ya watu wote, oili na kila kitu.


Alhamisi, 7 Septemba

Nimemletea makaratasi yaliyoharibika kwenye mashine ya fotokopi, yale yanayotupwa. Anachora upande wa nyuma. Meza yetu imejaa matrekta.

Nilimwomba anieleze. Akachukua sufuria ikawa trekta, mwiko ukawa ule mkono. Nyuma ya trekta kuna mikono miwili ya kuinulia, na ufito mmoja wa juu. Inatosha kuvuta plau, kwa sababu plau hufuata tu. Lakini mkono wa kuchimba haufuati. Unasukuma ardhi, na ardhi inausukuma nayo. Ukiutundika hapo tu, ipo siku utakunjika kuelekea mbele. Kwa hiyo anataka kutengeneza fremu ya chuma kinene, ipite chini ya tumbo la trekta, ifungwe kwa bolti kwenye ekseli ya nyuma. Hapo nguvu zote zitaingia kwenye mwili wa trekta, si kwenye ile mikono.

Nilielewa. Mimi niliyepata D ya fizikia. Mwalimu wangu hakuwa na mwiko, na hakuwa na macho kama ya Wekesa.

Kisha nikauliza swali ambalo sasa najuta. Ukikunjika, yule aliyekalia kile kiti inakuwaje?

Akaugonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Anabanwa kwa usukani," akasema. Akaendelea kula.

Mimi sikuendelea. Nilimuuliza nani atakuwa wa kwanza kukikalia. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza nani atakula ugali wake. Desturi ni desturi. Tena hapa Riruta hakuna mahali pa kuchimba, kwa hiyo atalijaribu kulekule Spring Valley, kwenye mteremko.

Nimekasirika. Nampenda na nimekasirika. Vyote viwili vimekaa kifuani na havisukumani.


Jumamosi, 9 Septemba

Siku tamu kuliko zote tangu harusi.

Hatukuwa na fungate. Baada ya kanisa tulikula, tukacheza, kesho yake akarudi kazini. Leo ndiyo fungate yetu, na tumeifanyia kwenye maduka ya vipuri mjini. Nilitoka kazini saa saba, akanipokea pale nje akiwa amevaa shati jeupe. Shati jeupe kwenda kununua bolti.

Tuliingia duka baada ya duka. Anashika bolti, anaigeuza, anasoma alama zilizochorwa kichwani mwa bolti, anaigonga nyingine akisikiliza. Zile za bei nafuu anazirudisha taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu. Katika duka la mwisho palikuwa na mama wa Kihindi mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo shingoni. Alitutazama tulivyosimama bega kwa bega tukichagua, akasema, "Nyinyi nataka bolti ama pete ya harusi?" Wekesa akajibu bila kucheka, "Pete tuko nayo, mama. Hii ni ya tinga." Mama alicheka mpaka miwani ikaanguka kifuani.

Nilizibeba kwenye mkoba wangu wa harusi. Zilikuwa nzito, mkanda ulikuwa ukilia. Alitaka kunipokea nikakataa. Nilitaka nizibebe mimi. Ndizo zitakazomshika.

Tulikula chipsi kwenye benchi la bustani ya Jeevanjee, mhubiri akitukaripia sisi sote kwa pamoja. Alinipangusa chumvi mdomoni kwa kidole chake gumba. Kidole kigumu kama gome. Tulitembea tumeshikana mikono hadi River Road, na hakuniachia hata tulipokutana na wateja wake.


Jumapili, 10 Septemba

Kanisani. Samaki wa kukaanga. Usingizi mrefu mchana. Sina la kuandika, nina furaha tu.


Jumatatu, 11 Septemba

Mambo yameharibika.

Fremu ilikuwa imeshikizwa tu, haijamaliziwa, lakini walitaka kuona kama mzigo utainuka. Mzigo uliinuka. Na trekta nalo likainuka. Magurudumu ya mbele yakaacha ardhi, yakabaki yakining'inia hewani, mafundi wa karakana zote za jirani wakitazama.

Barasa akapiga makofi. "Tinga ya ndugu yangu imeokoka. Si mnaona? Inainua mikono."

Walicheka wote. Wekesa akamjibu kwamba kazi hii ingekuwa ya Barasa, Barasa angekuwa ameshaikimbia. Ndipo Barasa akasema lile neno. "Tangu uoe, unafanya kazi na haraka ya kuenda nyumbani."

Nilikuwa nimesimama pale, nimetoka tu kazini. Hakuwa ameniona. Aliponiona alitazama chini. Ni mtu mzuri, Barasa. Ndiye aliyesimama na Wekesa siku ya harusi, ndiye aliyelia kuliko mama mzazi. Lakini neno limeshatoka.

Wekesa kwa hasira alichomelea bila ile kofia ya kukinga macho. Jioni hii machozi yanamtoka, macho mekundu, anasema ni kama mchanga. Nimekata viazi vibichi vipande vyembamba nikamwekea juu ya kope. Amelala kichwa chake mapajani mwangu, viazi viwili usoni, mume wangu mzuri. Nimemwambia anafanana na chura. Akatabasamu kidogo tu.

Sijui ni kweli anafanya haraka kwa ajili yangu. Sijamuuliza. Naogopa jibu, na naogopa kwamba jibu litanifurahisha.


Jumatano, 13 Septemba

Macho yamepoa. Ndugu hawasemezani. Kama karakana nzima ingekuwa bubu ingekuwa afadhali, lakini wanaongea na kila mtu ila wao kwa wao. Barasa anamwambia fundi wa jirani, "Mwambie huyo anipe spana," na huyo yuko hapohapo. Sijui wanaelewanaje. Kazi inaenda tu. Mmoja akiondoka mwingine anaingia chini ya trekta na kuendelea, kana kwamba wanaota ndoto moja.

Na dawa ya yale magurudumu imepatikana. Wekesa ametengeneza sanduku la chuma, amelitundika mbele ya trekta, ndani yake zege. Uzito wa mbele unajibizana na wa nyuma. Leo mzigo umeinuka, na magurudumu ya mbele hayakusogea hata kidogo. Hakuna aliyecheka.

Nimesikia kwamba aliyeileta simenti ni Barasa. Aliiweka hapo asubuhi, akaondoka bila kusema.

Wanaume hawa.


Alhamisi, 14 Septemba

Lazima niandike hii haraka kabla hajarudi kutoka dukani, maana bado nacheka.

Stima ilipotea mchana. Bila stima hakuna fotokopi, kwa hiyo mama mwenye duka akaturuhusu kwenda. Nikasema leo nitamshangaza mume wangu. Nikanunua mandazi na maziwa, nikaenda karakana. Hakuna mtu. Barasa amekwenda kuona mteja. Wekesa, akaniambia muuza makaa wa upande wa pili, ameoga, amevaa shati, ameondoka.

Ameenda wapi? Ameenda Hurlingham. Huku Riruta nako stima ilikuwa imepotea, kuchomelea hakuwezekani, naye akasema leo nitamshangaza mke wangu.

Tumepishana njiani. Amekaa nje ya duka lililofungwa, na mimi nimekaa kwenye karakana tupu, kila mmoja akimngoja mwenzake kwa mapenzi. Simu yake aliiacha kwenye koti, kama kawaida yake.

Sikukaa bure lakini. Nililitazama trekta, chafu, kesho kutwa linarudi kwa mwenyewe. Nikachukua matambara na mafuta ya taa. Nikalipangusa. Juu, pembeni, kisha nikatandika gunia nikalala chini nikalipangusa tumbo na ile fremu yote. Vumbi, grisi, michoro ya chaki, yote nikaiondoa. Mikono inanuka mafuta ya taa mpaka sasa. Nililiambia lile trekta, kwa sauti, hakukuwa na mtu, kwamba linamchukua mume wangu na nitafurahi likimrudisha.

Nasikia mluzi wake.


Ijumaa, 15 Septemba

Stima ilirudi jana jioni. Leo Barasa amepaka fremu rangi nyeusi, na sanduku la mbele pia. Imependeza. Wekesa alikuwa Kawangware kutwa, akimwekea mtu madirisha. Amerudi kupitia karakana, ameona rangi, amefurahi. Bado hawasemezani, lakini nimeona Wekesa akiipapasa ile rangi kwa kidole kuona kama imekauka, na Barasa akimwangalia kutoka mbali na kujifanya hamwangalii.

Mzee Jaswant amepiga simu kwa Barasa. Kesho asubuhi, Spring Valley.

Nimepiga pasi ovaroli. Mshono wa mfuko nimeushona upya. Nimefanya kila kitu ninachoweza kukifanya kwa sindano na pasi.


Jumamosi, 16 Septemba

Niandike polepole. Nisiruke kitu.

Aliondoka mapema akiendesha trekta, ule mkono umekunjwa nyuma kama mkia wa nge. Nilimpungia mpaka akapotea. Kisha nikajiandaa kwenda kazini, nikapita karakana kumsalimia Barasa. Nilimwonea huruma. Alikuwa peke yake, anapanga vyuma visivyohitaji kupangwa.

Akaniambia, "Shem, huyo bwana yako ni mkaidi. Lakini kazi anajua. Hata duara moja hakuniachia."

Nikauliza duara gani.

Akanieleza. Tangu kwa baba yao, kelele za mashine haziruhusu maneno, kwa hiyo walizoea chaki. Kiungo kilichoshikizwa tu kwa vidoa vya moto, bado hakijachomelewa sawasawa, unakizungushia duara. Atakayekuja baada yako akiona duara anajua hapo bado. Akimaliza, analifuta. Hakuna duara, kazi imekwisha. Wiki hii yote hawakuhitaji mdomo. Walikuwa na chaki.

Niliwaza gunia. Niliwaza tambara. Nililiona lile duara, jeupe, chini kabisa, na mkono wangu ukipita juu yake.

Nikamwambia, "Shemeji, mimi nililipangusa."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliuliza tu, "Ngapi?"

Sikujua. Mawili. Labda zaidi. Stima ilipopotea, Wekesa alikuwa amechomelea upande wa juu, upande wa chini ameushikiza tu; akauzungushia chaki, akaja kunitafuta. Ijumaa asubuhi Barasa akakuta hakuna duara. Akadhani ndugu yake alirudi jioni akamaliza. Akaingia chini, gizani, akapaka rangi kwa kupapasa. Wekesa akaona rangi, akadhani kaka yake amemaliza. Wangesemezana neno moja tu. Na mimi ningekaa tu nikala mandazi yangu.

Barasa akapiga simu. Ikalia hapohapo nyuma yetu, kwenye koti, kwenye msumari.

Tulipanda pikapu ya muuza makaa. Barasa alikuwa akimwambia pita huku, pita kule. Mimi niliomba. Haikuwa sala nzuri. Nilikuwa nasema jina lake tu.

Tulisikia injini kabla hatujafika. Kwenye mteremko, nyuma ya nyumba isiyo na paa. Mtaro ulikuwa umeshaanza. Yeye amekaa kwenye kile kiti cha nyuma, mgongo kwa usukani, uso kwa shimo, kijiko kinauma ardhi na kuinuka, kinauma na kuinuka. Sisi tulitokea mbele, hakuweza kutuona. Barasa alikuwa anapaza sauti, nami pia, na injini ikatumeza sote wawili. Mzee Jaswant akaniona nikikimbia akasema kwa furaha, "Ah, bibi ya fundi naleta chakula."

Sikusimama. Nilizunguka hadi ng'ambo ya mtaro, nikapanda juu ya rundo la udongo na viatu vyangu vya kazini, nikasimama mahali ambapo lazima anione.

Akaniona. Akatabasamu, lile tabasamu lake la mlangoni. Kisha akauona uso wangu. Mkono ukaacha wenzo. Akazima.



Barasa akafika akihema. "Shuka," akasema. Neno la kwanza tangu Jumatatu. Wekesa akaanza kusema kwamba bado hajamaliza. Barasa akarudia kwa Kibukusu, taratibu, kama mama yao anavyosema. Wekesa akashuka.

Walilala chini wote wawili. Barasa akakwangua rangi kwa bisibisi. Mimi nilipiga magoti kwenye udongo nikachungulia. Vidoa vya upande mmoja vilikuwa vimeachia kabisa. Na kiungo cha juu, alichokichomelea vizuri, kilikuwa kimeanza ufa, mwembamba kama unywele. Kijiko kingeuma mwamba mara chache zaidi, basi, ule mkono ungekunjika.

Wekesa alikaa chini, mgongo kwenye gurudumu. "Nilisikia kiti ikicheza," akasema. "Nikasema ni udongo. Sikutaka kurudi kumuuliza huyu."

Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia mbele ya Mzee, mbele ya vibarua, mbele ya kila mtu. Gunia, mafuta ya taa, chaki, yote. Nililia vibaya, kwa kamasi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ulilala kwa gunia na hiyo sketi ya kazi?"

Hilo tu ndilo aliloniuliza. Akanishika mkono, nao ukajaa grisi, na sikuunawa mpaka jioni.

Mzee Jaswant ndiye aliyekasirika, na si kwa ajili yangu. Aliwasimamia wale ndugu kama watoto wa shule. "Nyinyi wawili, mdomo ya nyinyi ni ya kula tu? Kijana angekufa kwa tinga ya baba yangu sababu hamtaki sema habari ya asubuhi." Barasa akasema pole, mzee. Mzee akasema pole sema kwa ndugu yako. Akasema. Kwa Kibukusu, sikuyasikia yote, na sikupaswa kuyasikia.

Pale kwenye ujenzi palikuwa na jenereta. Pikapu ikarudi Riruta kuleta mashine ya kuchomelea na kofia zote mbili. Walikata viungo vyote, wakavianza upya, wakaongeza vipande vya pembetatu kila pembe. Na waligombana. Hapa ongeza moto, hapo umejaza sana, nani alikufundisha hivyo, ni wewe ulinifundisha, basi nilikuwa mlevi. Alasiri nzima. Sijawahi kusikia ugomvi mtamu kama ule. Mzee Jaswant aliniletea chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake, tukakaa kwenye matofali tukiwatazama. Akaniambia mke wake pia alikuwa mtu wa kusafisha sana. Aliwahi kufua kilemba chake kikiwa na funguo za trekta ndani.

Jua lilipokuwa linashuka wakamaliza. Wekesa akaweka mguu kwenye ngazi ya trekta. Barasa akamvuta kwa mgongo wa ovaroli akamshusha.

"Moto ya mwisho nimechoma mimi," akasema. "Desturi."

Akapanda yeye. Nilisimama na Wekesa, na kwa mara ya kwanza aliona anachonionyesha kila siku: mtu wako amekalia kitu alichokitengeneza, na wewe uko chini, huna la kufanya. Alinibana vidole mpaka vikauma. Sikumwambia aache.

Kijiko kikauma. Kikainuka. Fremu haikulia hata kidogo. Barasa alichimba hadi kwenye vigingi vya mwisho, akapiga mwamba mmoja kwa makusudi, mara mbili, trekta likatikisika lote kwa pamoja kama ng'ombe anayefukuza nzi, na ule mkono ukabaki ulipo.

Kisha Wekesa naye akapanda, zamu yake. Sikukataa. Nilitaka kukataa. Sikufumba macho pia.


Jumapili, 17 Septemba

Hatukwenda kanisani.

Barasa alikuja mchana na kuku, akala na sisi, akaondoka. Walizungumza habari za mvua.

Wekesa amelala kwenye kochi, mdomo wazi kidogo. Nina njegere za kumenya, bakuli liko miguuni, sijamenya hata moja. Redio ya Mama Wanjiru inasikika ukutani. Mtu anapiga misumari mahali fulani. Kifua chake kinapanda, kinashuka.

Nilidhani nitaandika mengi leo.

Amefungua jicho moja sasa hivi. Ameniuliza mbona namwamsha. Nimemwambia sijamwamsha. Akasema, "Ulikuwa unaniangalia." Nimemwambia alale.

Amekunja miguu ili niketi.